Maswali yenu: Shayiri yangu mbona haijaota?

SWALI: Asalam aleikum. Mi niko Ngamiani hapa Tanga. Ramadhani ilopita nilinunua shayiri ya shurba pale Mgandini, ikabaki kama kibaba hivi nikasema nijaribu kuipanda kwenye debe uani. Wiki tatu namwagilia kila alfajiri wala sijaona hata jani, imeoza tu. Mbegu mbovu au udongo? Halafu shemeji ananambia eti hiyo ni nafaka ya bia nisiwape watoto. Mama Zuhura.

JIBU: Waaleikum salaam Mama Zuhura. Udongo wako hauna kosa na muuza duka pia hana, shayiri ya shurba imekobolewa, chukua punje moja uitazame vizuri utaona nyeupe, imeviringika, ganda hakuna, na kile kiini cha kuchipua kimeparuzwa humohumo mashineni, sa itaotaje? Na hata ungepata yenye ganda lake, joto la pwani hailiwezi, inataka baridi ndo mana huku kwetu inalimwa Arusha na Kilimanjaro.

Kwao hasa ni Mashariki ya Kati, watu walianza kuilima yapata miaka 10,000 ilopita, na ya porini bado inaota kulekule mpaka leo. Ya porini ikikomaa suke linakatika vipande vipande punje zote chini. Si unaujua ufuta, ukichelewa kuukata unapasuka unaishia kuokota mchangani? Ndo hivyohivyo. Sasa kuna jeni mbili, yani chembe za urithi mmea unazopata kwa mzazi wake, zinazofanya suke likatike, moja ikiharibika basi suke linabaki limeshikana, na wale wavunaji wa zamani bila kujua wakawa wanabeba nyumbani yale yaliyoshikana, wakayapanda tena na tena. Wataalamu walizitambua jeni zenyewe 2015, wakaona kuna shayiri zilizoharibika jeni hii na nyingine jeni ile, yani jambo hilo lilitokea zaidi ya mara moja. Mi hili linanigusa sana, kazi ya mikono ya watu tusowajua majina.

Shemeji mwambie hivi, bia inatoka kwenye kimea, shayiri inaloweshwa ichipue, inakaushwa, wanga unageuka sukari, halafu hamira ndo inaifanya pombe. Kwenye sufuria yako hakuna hayo. Na zakatul fitri si tunasoma pishi ya tende au pishi ya shayiri? Wape watoto, labda awe na tatizo la ngano, huyo na shayiri haimfai. Iloweke toka usiku, itaiva upesi.