Wasomaji Wanauliza: Enter the Dragon Ndani ya Kasha

Barua nyingi za safari hii zinahusu vitabu vikubwa vya picha, vyenye namba ya nakala na kasha lake, vinavyoeleza jinsi Enter the Dragon, filamu ya kung fu ya Bruce Lee ya mwaka 1973, ilivyotengenezwa. Tumechagua maswali yaliyorudiwa zaidi.

Swali: Toleo langu lina namba na bado limefungwa kwenye plastiki. Muuzaji ameniambia nikilifungua tu, thamani inashuka. Ni kweli?

Jibu: Lifungue. Plastiki ile ilibanwa kwa joto, na mvuto wake hauishi. Nguvu yote huangukia kwenye pembe za jalada gumu, na baada ya miaka kadhaa jalada hupinda kama kigae. Pia hufungia ndani unyevu uliokuwemo siku ya kufungwa. Zaidi ya hayo, hujui ulichonunua. Fungu la kurasa linaweza kuwa limerudiwa mara mbili, jingine limeshonwa juu chini, au bango lililoahidiwa halimo kabisa. Kasoro hizo uzigundue ukiwa bado ndani ya siku za kurudisha, si miaka mitano baadaye.

Usipitishe kisu juu ya jalada. Tafuta upande wa kurasa, pale penye uwazi kati ya jalada la mbele na la nyuma, toboa plastiki hapo kwa mkasi wenye ncha butu, kisha ipasue kwa vidole. Mikono iwe imeoshwa na kukauka vizuri. Glavu za pamba hazifai kwa kurasa, kwa kuwa vidole hupoteza hisia na ncha ya karatasi huchanika.

Kitabu kipya chenye kurasa nyingi kisifunguliwe katikati kwa nguvu, maana gundi ya mgongo itapasuka mahali pamoja na kitabu kitajifungua hapo siku zote. Simamisha mgongo mezani, laza jalada la mbele, kisha la nyuma, huku kurasa umezishika wima. Laza kurasa kama kumi za mbele na uzipapase taratibu karibu na mgongo, halafu kumi za nyuma, uende hivyo kwa zamu mpaka zikutane katikati. Wakati huohuo hakiki namba za kurasa. Kosa likiwapo, mara nyingi litaruka kurasa 8 au 16 kwa pamoja, kwa sababu kitabu hushonwa kwa mafungu.

Swali: Nitajuaje kama kitabu kina utafiti wa kweli, au ni picha tu zilizookotwa huku na huko?

Jibu: Anza na maelezo ya chini ya picha. Utafiti wa kweli husema picha ilipigwa kwenye tukio gani, nani yumo, na ikiwezekana nani aliipiga. Maelezo ya "Bruce Lee akipigana" hayamsaidii mtu yeyote.

Kisha tazama kama picha zote ni za filamu hii. Ukimwona Chuck Norris, hiyo ni The Way of the Dragon ya 1972. Suti ya njano yenye mistari myeusi ni ya Game of Death, na picha hizo zilipigwa kabla ya Enter the Dragon kuanza. Kitabu kinachochanganya hayo bila kusema kimekusanywa na mtu asiyeijua filamu.

Halafu tenganisha picha za mnato na fremu zilizotolewa kwenye filamu yenyewe. Filamu hupita kwa fremu 24 kwa sekunde, na kila fremu hupata mwanga kwa takriban 1/48 ya sekunde, kwa hiyo ngumi ya kasi huonekana kama ukungu. Mpigapicha wa mnato aliyesimama pembeni anaweza kutumia 1/500 ya sekunde, na ngumi ikaganda na vidole vyake vyote. Umbo nalo husema: filamu hii ni pana, takriban 2.35 kwa 1, ilhali filamu ya kawaida ya picha ya milimita 35 ni 3 kwa 2. Kitabu kilichojaa picha pana zenye ukungu kimetengenezwa kwa kusimamisha video. Hakistahili kuuzwa kama toleo la wakusanyaji.

Picha iliyopinduliwa kushoto kulia ni kosa la kawaida mno, hasa pale negativu ilipowekwa kinyume. Kwenye pambano la mwisho Lee ana alama za makucha shavuni, tumboni na kifuani. Simamisha filamu kwenye tukio hilohilo ulinganishe upande.

Kwenye maandishi, yapo mambo ambayo kitabu makini hakiwezi kuyakwepa. Kwanza ni chumba cha vioo cha pambano la mwisho: vioo huakisi kila kitu, kwa hiyo kitabu lazima kikuonyeshe kamera ya Gil Hubbs, mpigapicha wa filamu hii, ilifichwa wapi, kwa mchoro au kwa picha ya nyuma ya pazia. Mimi hufungua kurasa hizo kabla ya nyingine zote. La pili ni pambano la Lee na mwigizaji Bob Wall, ambamo chupa zilikuwa za kioo halisi na mkono wa Lee ukachanwa. Uvumi ulienea kwamba Lee alikusudia kumuua Wall, Wall aliukanusha. Kitabu kinachorudia uvumi bila kanusho kimefanya nusu ya kazi. La tatu ni sauti: Shih Kien ndiye anayeonekana kama Han, adui mkuu wa filamu, lakini sauti ya Kiingereza ni ya Keye Luke. La nne ni mazungumzo ya Lee na mwalimu wake wa Shaolin, yaliyokatwa kwenye toleo la Marekani la 1973 na kurudishwa katika toleo la miaka 25, mwaka 1998. Mwandishi akieleza filamu kana kwamba ipo ya aina moja tu, jihadhari na mengine anayosema.

Uandishi wa mswada ni wa Michael Allin, uongozaji wa Robert Clouse, utayarishaji wa Fred Weintraub na Paul Heller pamoja na Raymond Chow, muziki wa Lalo Schifrin. Sammo Hung ndiye anayepigana na Lee mwanzoni, na Jackie Chan ni mmoja wa walinzi wanaopigwa chini ya ardhi. Majina haya yakikosewa herufi, usitarajie makubwa.

Swali: Kitabu changu kimekuja na bango na kadi za ukumbi wa sinema, zile kadi za picha zilizobandikwa ukumbini kutangaza filamu. Muuzaji anasema ni za asili za 1973. Bango lina saini ya Bruce Lee.

Jibu: Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973. Filamu ilianza kuonyeshwa Los Angeles tarehe 19 Agosti. Saini yake kwenye bango la maonyesho inahitaji ushahidi ambao karibu hakuna muuzaji awezaye kuuleta, na asiyeuleta usimlipe kwa ajili ya saini.

Bango pima kwa rula. La Marekani la wakati huo ni inchi 27 kwa 41, yaani karibu sentimita 69 kwa 104, na kwa kawaida lilisafirishwa likiwa limekunjwa. Chini huwa na namba ya National Screen Service, kampuni iliyosambaza mabango ya sinema Marekani, inayoanza na 73 na alama ya mkwaju (/). Ikitanguliwa na herufi R, ni la kurudiwa kuonyeshwa. Kadi za ukumbi ni inchi 11 kwa 14, seti ya nane.

Kisha chukua lenzi ya kukuza mara 10 utazame herufi ndogo za majina ya waigizaji. Kwenye chapa ya asili herufi hizo ni wino mtupu wenye kingo safi. Kwenye nakala iliyopigwa picha upya, zenyewe zimevunjika kuwa vitone vidogo. Picha ya mnato ya asili haina vitone popote.

Swali: Nakala namba 7 ina thamani kuliko namba 700?

Jibu: Kwa wanunuzi wengine, kidogo. Hali ya kitabu na kasha hushinda namba.

Swali: Kurasa zimeanza kuning'inia ndani ya jalada, na kasha linakwaruza.

Jibu: Ni uzito. Kitabu cha sentimita 30 kwa 30 chenye kurasa 200 kina karatasi 100. Kwa karatasi ya gramu 170 kwa mita mraba, hiyo ni zaidi ya kilo moja na nusu kabla ya jalada. Kurasa hazigusi rafu, kwa kuwa jalada limezidi kwa milimita tatu hivi kwa chini, basi uzito wote unauvuta mgongo. Kata ukanda wa kadi isiyo na asidi, wenye unene wa pengo hilo, uuweke chini ya kurasa. Kikizidi kilo tatu, kilaze, na usirundike zaidi ya viwili.

Kasha likibana, usikung'ute. Pitisha ukanda mpana wa karatasi laini nyuma ya mgongo kabla ya kurudisha kitabu, ncha zake zibaki nje, halafu uvute ncha hizo unapokitoa. Weka mahali penye unyevu wa asilimia 35 hadi 50, mbali na ukuta wa nje na jua. Na karatasi hii inayong'aa ikilowa, usiiache ikauke ikiwa imefungwa, kwa kuwa kurasa zitagandana na hazitaachana tena. Tenganisha moja moja ingali mbichi, au kitie kitabu kwenye friza saa hiyohiyo mpaka upate mtaalamu.