Ukitaka kuona ndege wa pwani Bagamoyo, fuata maji

Miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, ndiyo ninayoipenda kuliko yote kwa kutembea ufukweni. Joto limepungua, na alfajiri upepo wa umande unavuma taratibu kutoka bara kabla upepo wa kusi haujashika kasi. Watu huniuliza wanunue darubini gani. Mimi huwauliza kwanza: mwezi umeandama lini?

Nilichelewa sana kulijua hilo. Nilipoanza nilikuwa natoka kila Jumapili asubuhi. Jumapili moja nakuta ndege tele, inayofuata hamna kitu ila kunguru. Nikawa nadhani ni bahati tu. Kumbe siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, asubuhi bahari ndiyo inajaa na kulifunika tope ambamo ndege wanatafuta riziki. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hukupwa mpaka mwisho kwenye saa nne asubuhi. Ukifika saa kumi na mbili na nusu, jua linapochomoza, unayakuta yanatoka na ndege wanayafuata. Nawe yafuate.

Usikae karibu na soko la samaki. Kunguru wa pale, wale wenye shingo ya kijivu, asili yao ni India. Walifikia Zanzibar miaka ya 1890, na hula mayai na makinda ya ndege wengine. Shika njia ya kusini kuelekea Kaole, kama kilomita 5.

Ukifika kwenye tope, simama. Hili ndilo gumu kwa wengi, maana tumezoea kutembea ili tufike. Simama dakika kumi bila kuongea. Kaa watatoka mashimoni kwanza, halafu sululu atakuja. Ni ndege wa rangi ya udongo, mdomo mrefu umepinda kwenda chini, jina moja na chombo cha kuchimbia. Mwezi uliopita mmoja alisimama hatua ishirini kutoka kwangu, akachomeka mdomo shimoni, akatoka na kaa. Akamtikisa mpaka miguu ikadondoka mmoja mmoja, akamsuuza kwenye kidimbwi, ndipo akammeza. Sijawahi kuona mtu akiandaa samaki kwa uangalifu ule.

Utaona pia yangeyange weupe na wengine wa kijivu cha kiza wakiwinda pamoja, vidole vya njano. Usiwaandike kuwa ni aina mbili. Ni ndege yuleyule, wengine huzaliwa weupe na wengine weusi.

Kwa mimea, mwalimu wangu alikuwa mama mmoja aliyekuwa akiokota tondo, wale konokono wa baharini, kwenye mikoko ya Kaole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepoteza nini hapo?"

"Sijapoteza kitu mama, nautazama mti huu."

"Basi ulambe."

Akachuma jani, juu kijani, chini jeupe kama limepakwa unga. Nikalamba. Chumvi tupu. "Huo ni mchu," akasema. "Unakunywa bahari, chumvi unaitema kwenye majani." Mizizi yake ilikuwa imechomoza topeni pande zote, myembamba kama penseli, ikivuta hewa. Akanionyesha na mkoko wenyewe, uliosimama kwa miguu mingi iliyopinda, mbegu zake ndefu zimeshachipua zikiwa bado mtini. Zikidondoka hujichomeka kwenye tope. Tangu siku ile sipiti mtu anayeokota kitu pwani bila kumsalimia na kumuuliza.

Vaa yeboyebo au viatu visivyoogopa maji, beba maji ya kunywa na daftari. Nenda na mwenzako, na bahari ikigeuka nawe geuka, maana kwenye mikoko maji hukuzunguka kwa nyuma.

Sululu wa Julai ni wachache. Wakubwa wako kaskazini, Siberia na kwingineko, wanakozalia. Wengi wanaobaki kwetu ni vijana ambao bado hawajaanza kuzaa. Nakushauri uwahesabu na uandike tarehe, ili makundi yakianza kurudi Agosti na Septemba uweze kujua wageni wameingia. Wangu bamvua iliyopita walikuwa kumi na mmoja.