Kabla Hujagusa Ulimi wa Konsatina kwa Tupa

Konsatina yangu ya kwanza, kinanda kidogo cha mkononi chenye mvukuto, ilikuwa kuukuu, ya Kiingereza, na kila nilipopiga pamoja na rafiki yangu wa gita, sauti zilikwaruzana. Gita lilikuwa limepatanishwa vizuri. Konsatina nayo, ikipigwa peke yake, ilikuwa tamu. Nikaamini ndimi zake, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyotetemeka na kutoa sauti, zimechoka, nikashika tupa. Ulimi mmoja niliuharibu kabisa, na mpaka leo naujutia.

Kumbe chombo hakikuwa na kosa. Siku hizi noti ya La, ile ya kupatanishia vyombo, hupimwa kwa hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), kipimo kilichopendekezwa kwenye mkutano wa London mwaka 1939. Konsatina nyingi za zama za Malkia Victoria zilitengenezwa juu zaidi, hezi 452 hivi. Tofauti hiyo ni karibu robo toni: noti zinapatana zenyewe kwa zenyewe, ila zote zimekaa juu. Kwa hiyo anza kwa kupima noti zote kwa programu ya simu, uziandike. Ukiona zimepanda kwa kiasi kilekile, mwombe mwenye gita akaze nyuzi zake. Uzi hukazwa na kulegezwa utakavyo. Chuma kilichokwanguliwa hakirudi.

Kama noti moja tu ndiyo iliyoshuka, fungua utazame. Huenda ni vumbi au kutu kwenye ncha ya ulimi; uzito ule mdogo huufanya utetemeke polepole. Brashi laini huweza kutosha. Tupa ije mwisho kabisa: ukikwangua karibu na ncha sauti hupanda, ukikwangua karibu na shina hushuka. Kwangua kidogo mno, rudisha ulimi mahali pake, kisha usikilize, kwa kuwa ukipimwa mezani hutoa sauti tofauti kidogo na ile ya ndani ya chombo. Na sukuma mvukuto kwa nguvu yako ya kawaida, maana ukiukandamiza sana noti huzama.

Mkiwa kundi, konsatina ndiyo itoe La. Joto likizidi, filimbi hupanda na nyuzi za chuma hulegea zikashuka, lakini ndimi hazisogei sana. Piga noti moja kwa muda mrefu, mwenzako aifuate. Mtasikia sauti ikipwita: hezi 440 na 442 zikikutana hupwita mara mbili kwa sekunde. Akaze taratibu mpaka mpwito upungue, utulie, upotee.