Barua kwa mwanangu: Usiku Mtakatifu na gitaa lake

Mwanangu mpenzi,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Wete. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, ni kweli kwamba wimbo wa Krismasi Usiku Mtakatifu ulitungwa kwa kuwa panya walitafuna mivukuto ya kinanda cha kanisa? Umepangiwa kuisimulia hadithi hiyo kwenye ibada ya mkesha. Pili, si aibu kuuimba kwa gitaa tu, maadamu kinanda chenu kimeharibika?

Ya panya iache. Mwaka 1854 wanamuziki wa mfalme huko Berlin waliandika Salzburg, mji wa Austria, kuulizia wimbo huu, wakidhani mtunzi ni Michael Haydn. Aliyejibu ni Franz Xaver Gruber, mtunzi mwenyewe wa sauti yake, kwa mkono wake, tarehe 30 Desemba. Alieleza kwamba tarehe 24 Desemba 1818, pale Oberndorf karibu na Salzburg, kasisi msaidizi Joseph Mohr alimpa shairi akamwomba alitilie sauti ya waimbaji wawili, pamoja na kwaya, na gitaa la kuwasindikiza. Panya hawamo katika maelezo yake, wala kinanda kibovu. Hayo watu waliyapachika baadaye, nami naona yanaufunika ukweli ulio mzuri zaidi: shairi lenyewe Mohr aliliandika mwaka 1816, akiwa kijiji cha Mariapfarr, vita vya Napoleon vimetoka kwisha na mavuno yameharibiwa na baridi. Wimbo wa usiku wa amani ulitoka kwa watu wenye njaa. Simulia hilo.

Na swali lako la pili limeshajibiwa humo humo. Gitaa ndicho chombo chake cha tangu siku ya kwanza. Mohr alipiga gitaa na kuimba teno, Gruber, mwalimu wa skuli ya Arnsdorf, akaimba besi, na kwaya ikarudia mistari miwili ya mwisho ya kila ubeti. Nanyi fanyeni hivyo hivyo: wawili waimbe ubeti, wengine wote wasubiri, kisha waingie kwa sauti nne kwenye marudio.

Ufunguo wa asili wa wimbo, yaani sauti inayoshika nafasi ya do, ni D, lakini msiutumie mkiimba na waumini wote. Wimbo huu unapanda hadi fa ya juu na kushuka hadi do ya chini, na katika D hiyo fa ni G ya juu, ambayo kina mama wengi wataifikia kwa kupiga kelele. Pigeni A. Kodi, yaani sauti za gitaa zinazopigwa pamoja, ni tatu tu: A, D na E7. Kila moja inakaa mapigo sita, kwa mpango huu: A, A, E7, A, kisha D, A, D, A, halafu E7, A, sehemu ya kumi na moja igawe nusu A nusu E7, umalizie A. Mpigaji asikwangue nyuzi zote. Dole gumba liguse uzi wa besi pigo la kwanza na la nne, vidole vingine vichukue nyuzi nyembamba kwenye mapigo yaliyobaki. Ubembee kama anayebembeleza mtoto. Mkiuburuza sana, pumzi itakata kabla ya ile fa, na sauti itashuka.

Kasoro kubwa ya kwaya zetu iko kwenye maneno. Wimbo unaanza so-la-so-mi, na nguvu iko kwenye so ya kwanza na kwenye mi. Ukitia "Usiku" vivi hivi, U inaangukia kwenye so, ku kwenye mi, na si, ambayo ndiyo tunayoikazia tukisema, inapotea katikati. Yasikika "Úsikú". Dawa yake: U itangulie, fupi, kabla ya pigo la kwanza; si ibebe so-la-so yote; ku itue kwenye mi. Kwenye "mtakatifu", mta na ka ziishe katika so-la-so, ti iangukie mi, fu iguswe kidogo pigo la sita. Rudieni mstari huo peke yake mpaka ulimi uzoee.

Kama padri atataka hadithi ya kwetu hapa, nayo ipo na haihitaji nyongeza. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Siku ya Krismasi mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini likawekwa papo hapo sokoni, na Krismasi ya 1877 ibada ya kwanza ikafanyika ndani yake, chini ya Askofu Edward Steere.

Kuhusu nyuzi: za chuma zinaliwa na chumvi ya bahari, tieni za nailoni. Ndizo zilizo karibu zaidi na nyuzi za utumbo alizotumia Mohr. Ila nailoni mpya hulegea siku kadhaa, kwa hiyo zifungeni wiki moja kabla ya mkesha, na gitaa lipangwe sauti tena watu wakishajaa kanisani, kwa kuwa joto lao linazibadilisha.

Baba yako