Pampu ya zimamoto: hunyonya, huvuta au husukuma?

Swali: Tunaandaa mwongozo wa mafunzo kwa kikosi cha zimamoto cha kiwandani. Nimeandika "pampu hunyonya maji kutoka bwawani". Mwenzangu amesahihisha "huvuta", na msimamizi wetu anataka "husukuma". Tufuate lipi?

Jibu: Kunyonya ni kazi ya mdomo: mtoto hunyonya, kupe hunyonya. Kuvuta hakuna sharti hilo, na mpira unaoshuka bwawani wengi watauita mpira wa kuvutia maji. Kwa amri ya kazini, "vuta maji bwawani" inatosha.

Lakini sentensi yako inaeleza jinsi pampu inavyofanya kazi, na hapo kitenzi kina uzito. Ndani ya pampu za magari mengi ya zimamoto mna gurudumu lenye mapanga linalozunguka kwa kasi. Maji huingia katikati yake, hurushwa pembeni, kisha kasha linalopanuka huyapunguza mwendo, na kasi hiyo hugeuka kuwa presha. Pale katikati presha hushuka chini ya ile ya hewa ya nje. Basi hewa inayokandamiza uso wa bwawa ndiyo inayoyasukuma maji yapande mpirani.

Ukiandika "hunyonya", mwanafunzi ataamini kwamba akikanyaga mafuta zaidi atapandisha maji kutoka kina chochote. Hawezi. Pwani, hata ombwe kamili, yaani mahali pasipo hewa kabisa, lingepandisha maji mita 10.3 tu, na kazini tegemea kama mita 7. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ni ndogo na kimo hicho hupungua. Tena ataduwaa pampu inapozunguka bila kutoa hata tone kwa sababu mpira umejaa hewa. Maji ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa. Mapanga yakirusha hewa tupu, presha ya katikati haishuki vya kutosha. Ndiyo maana hewa hutolewa kwanza, na neno "hunyonya" linaificha hatua hiyo.

Msimamizi wako amepatia kwa upande wa kutolea maji, ila mimi nachagua "hurusha". Inayosukuma hasa ni pampu ya pistoni: ukiiziba njia, ama isimame ama kitu kipasuke. Hii yenu ya mapanga, nozeli zote (midomo ya kurushia maji) zikifungwa, mapanga huendelea kuzunguka ndani ya maji yale yale na kuyapasha moto.

Andikeni hivi: "Pampu hurusha nje maji yaliyomo ndani yake, presha ya katikati hushuka, na hewa ya nje husukuma maji ya bwawani yaingie." Ni ndefu kuliko yako, lakini kila kitenzi kina mtendaji wake.

Kuna jingine ambalo hamkuuliza, nalo ni zito: neno "bomba". Kwa mmoja ni pampu, kwa mwingine ni paipu, kwa wa tatu ni koki ya maji. Kufunga nako ni kuzuia na pia ni kuunganisha. Sauti ikiita "Funga bomba!" katikati ya moshi, mmoja ataunganisha na mwingine atakata maji. Mashine iitwe pampu, kinachokunjika kiitwe mpira, na bomba libaki la chuma peke yake. Amri ziwe "unganisha mpira" na "kata maji".