Zahanati ya kijiji: anza na mkutano wa kijiji

Ndugu yangu, umeuliza kama uiandikie Tume ya Mipango kuhusu boma la zahanati yenu, yaani jengo ambalo halijakamilika, lililokwama. Mimi nisingeanzia huko. Tume inashughulika na picha kubwa ya nchi: Dira 2050 ya maendeleo ya Tanzania, mipango ya miaka mitano. Suala la zahanati yenu linapitia halmashauri ya wilaya.

Nendeni mkutano mkuu wa kijiji, na hapo msikubali maneno matupu: hakikisheni ukamilishaji wa boma umeandikwa kwenye muhtasari, umesainiwa na kupigwa muhuri. Nakala mpe diwani, aipeleke Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha mbaneni hadi aitetee kwenye halmashauri. Fanyeni sasa, maana mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti hupangwa miezi mingi kabla.