Kumfukuza Jimbo Fisher kulikuwa rahisi, kumsainisha ndiko kulikowagharimu Texas A&M

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kama ni kweli chuo kikuu cha Marekani kilimfukuza kocha kikamlipa dola milioni 76 akae nyumbani. La pili, hizi konferensi (makundi ya vyuo vinavyocheza pamoja) zinazotajwa kila siku zina uhusiano gani na jambo hilo. Wachangiaji wengi hapo juu wamejibu la kwanza kwa kucheka tu, kwamba Wamarekani hela zimewazidi. Mimi naishi Bryan, mji ulioshikana na College Station, Texas, kilipo chuo chenyewe. Nilikuja kusoma nikabaki. Ngoja nieleze nilivyoiona kutokea huku, maana lile la pili ndilo linalolijibu la kwanza.

Ni kweli. Jimbo Fisher, kocha wa futiboli ya Kimarekani wa Texas A&M, alifukuzwa Jumapili tarehe 12 Novemba 2023. Usiku uliotangulia timu yake ilikuwa imeipiga Mississippi State 51-10, kwa hiyo usidhani ni hasira za kufungwa. Uamuzi ulikuwa umeshaiva. Mkataba ulisema akiondolewa bila kosa analipwa kila kilichobaki hadi 2031, na jumla ilizidi dola milioni 75. Kama milioni 19 hivi zilitakiwa ndani ya siku 60, zilizobaki zikagawanywa kama milioni 7 kila mwaka. Hata akipata kazi kwingine, hakatwi senti. Rekodi ya nyuma ilikuwa ya kocha Gus Malzahn aliyeondolewa chuo cha Auburn mwaka 2020 kwa dola milioni 21.5. Yaani rekodi haikuvunjwa tu, iliachwa mbali kwa zaidi ya mara tatu.

Sasa hapa ndipo watu wanapopotea. Wanaitazama siku aliyofukuzwa. Itazameni siku aliyosaini.

Fisher aliletwa Desemba 2017 kutoka Florida State, ambako alitwaa ubingwa wa taifa wa msimu wa 2013. A&M wakampa miaka kumi kwa dola milioni 75, zote zimedhaminiwa, yaani analipwa hata akifukuzwa. Mkataba ule peke yake ungekwisha 2027. Piga hesabu: miaka minne iliyobaki mara milioni 7.5, ni kama milioni 30. Zinauma, lakini haziwezi kuitwa maajabu ya dunia. Kilichozifanya ziwe zaidi ya 75 ni nyongeza waliyompa Septemba 2021, hadi 2031, kwa zaidi ya dola milioni 9 kwa mwaka, ikiwa bado imedhaminiwa yote.

Kwa nini walimwongezea mtu aliyekuwa na miaka sita mkononi? Jibu la kawaida ni kwamba msimu wa 2020 alishinda mechi 9 akapoteza 1, wakamaliza nafasi ya nne nchini na kubeba Orange Bowl, moja ya mechi kubwa za mwisho wa msimu. Sawa, hilo lipo. Lakini rudi nyuma wiki chache tu. Julai 2021 ilivuja habari kwamba vyuo vikuu vya Texas (kile cha mji wa Austin, hasimu wa A&M) na Oklahoma wanahama konferensi ya Big 12 kwenda SEC, konferensi waliyomo A&M. Ili uelewe jinsi hiyo ilivyowachoma watu wa hapa, lazima ujue kwamba A&M walihamia SEC mwaka 2012 kwa sababu kubwa moja, kutoka kwenye kivuli cha Texas. Miaka yote ile waliwaambia vijana wa sekondari wa jimbo hili: ukitaka kucheza SEC na kulala karibu na mama yako, chuo ni kimoja. Siku habari zilipotoka, mkurugenzi wao wa michezo wa wakati huo, Ross Bjork, alisema wazi mbele ya waandishi kuwa walitaka wabaki peke yao kutoka jimbo la Texas ndani ya SEC. Haikusaidia. Ndipo Septemba kalamu ikashikwa. Hakuna aliyeniambia kuwa haya mawili yanahusiana, ni usomaji wangu mwenyewe. Ila nimekaa na watu hawa, na sijaona mtu wa A&M anayefanya jambo lolote kubwa bila kuangalia kwanza Austin wanafanya nini.

Na mwezi uliofuata kila mtu alidhani wamefanya jambo la akili. Oktoba 9, 2021 waliifunga Alabama iliyokuwa namba moja, 41-38, na Fisher akawa msaidizi wa kwanza wa zamani wa Nick Saban, kocha wa Alabama wakati huo, kumshinda bosi wake. Mtaani kwangu magari yalipiga honi mpaka usiku wa manane. Halafu 2022 wakasajili kundi la vijana lililotajwa kuwa bora kuliko yote nchini, Saban akadai hadharani kuwa wamelinunua, Fisher akamjibu kwa maneno makali, na msimu ulipoanza wakafungwa nyumbani na Appalachian State 17-14. Walimaliza na ushindi mara 5 na vipigo 7. Wengi wa wale vijana bora hawakumaliza chuo hapa, walihama. Siku hizi mchezaji anaweza kuhama chuo karibu kila mwaka bila kukaa nje msimu mzima, na kuanzia Julai 2021 anaruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya jina lake. Kwa hiyo kocha aliyesajili vizuri mwaka huu hana akiba ya mwaka kesho.

Hela zinatoka wapi? Mkuu mmoja ameandika kwamba ni kodi ya wananchi. Hapana. Chuo kilitangaza kuwa malipo ya kwanza yatatoka kwenye michango iliyoko 12th Man Foundation, mfuko wa wafadhili wa michezo, na yale ya kila mwaka yatabebwa na idara ya michezo kutoka mapato yake.

Hao wafadhili nimewaona kwa macho. Misimu kadhaa nilifanya kibarua cha kuongoza magari siku za mechi hapa Kyle Field, uwanja unaobeba watu 102,733. Ijumaa jioni yanaanza kuingia yale magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani, mengine marefu kama daladala mbili. Kila moja lina kibali chake, na kibali hakinunuliwi dirishani; unakuwa karibu na uwanja kulingana na ulivyochangia mfuko, na umechangia kwa miaka mingapi. Wakishaegesha wanashusha majiko ya moshi, wanaweka kidari cha ng'ombe kwenye kuni za mwaloni, na kinakaa pale usiku kucha. Mimi nikiwa na fulana yangu ya kung'aa na tochi, mzee mmoja mwenye pete ya chuo kidoleni aliniletea sahani akaniambia kuwa ile nafasi ya kuegesha ameshaiandika kwenye wosia, anamwachia mwanawe. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Mtu wa namna hiyo ukimwambia timu imeshinda mechi 45 na kupoteza 25, kama alivyomaliza Fisher, anakuona humwelewi. Yeye hajachanga ili awe wa kati. Na ukimwambia gharama ya kumwondoa kocha, anakuuliza gharama ya kubaki naye ni ngapi. Viti vikiwa vitupu, michango ikipungua, vijana wakienda Austin, ni kiasi gani? Wanaofanya uamuzi kwenye bodi ni watu wa rika lake na pete zilezile.

Tukija kwenye konferensi. Vyuo vya huku havipo kwenye ligi moja ya taifa, vimejikusanya kwenye makundi, na kila kundi linauza haki za matangazo kwa pamoja kisha linagawana. Zamani makundi yalikuwa ya kijiografia. Sasa yamebaki mawili yenye nguvu ya kweli, SEC na Big Ten, na mengine yanaokota. Mwaka 2022 Big Ten walisaini na televisheni za Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka saba wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. SEC nao wako na ESPN, na kila chuo mwanachama kinapata zaidi ya dola milioni 50 kwa mwaka.

Anayetaka kujua kukosa kundi lenye nguvu kunafananaje, aangalie Pac-12 ya pwani ya magharibi, kundi lililoanza 1915. Juni 2022 USC na UCLA, vyuo vya Los Angeles, walitangaza kwenda Big Ten. Chukua Simba na Yanga wahame Ligi Kuu, kisha muulize Azam angelipa kiasi gani kwa timu zilizobaki. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka mzima walitafuta mkataba wa televisheni, mwisho likaja pendekezo la Apple ambalo mapato yake yangetegemea idadi ya watakaojiandikisha. Agosti 4, 2023, siku moja tu, Oregon na Washington wakaenda Big Ten kwa mgao pungufu, na Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12 alikokuwa ametangulia Colorado. Stanford na Cal, vyuo vya upande wa bahari ya Pasifiki, wakaangukia ACC, konferensi ambayo kirefu chake kina jina la bahari ya Atlantiki. SMU wa Dallas walikuwa na njaa ya kuingia humo kiasi cha kukubali kutochukua hela ya televisheni kwa miaka tisa. Oregon State na Washington State waliachwa pale wawili. Hawakuwa wamefungwa vibaya na mtu, wala hawakufanya kosa lolote uwanjani.

Hilo ndilo wakuu wa vyuo wanaliona wakifumba macho. Angalieni tarehe: miezi mitatu baada ya Pac-12 kusambaratika, Fisher anafukuzwa. A&M hawakuwa hatarini kuachwa, wapo SEC. Lakini kuwa ndani ya kundi lenye nguvu na kuwa na nguvu ndani ya kundi ni vitu viwili. Texas na Oklahoma walikuwa wanaingia rasmi Julai 1, 2024, na msimu huohuo mashindano ya ubingwa yalikuwa yanapanuliwa kutoka timu 4 hadi 12. Timu 12 maana yake hakuna kisingizio tena. Mzee mwenye pete hawezi kuvumilia jirani acheze Desemba na yeye awe mtazamaji.

Halafu kuna Scott Woodward, mkurugenzi wa michezo aliyemtangulia Bjork, maana mchangiaji mmoja amesema mtu huyohuyo ndiye aliyetia hasara vyuo viwili. Ni nusu ya ukweli. Woodward ndiye aliyemleta Fisher hapa 2017, akahamia LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, na mwishoni mwa 2021 akamsaini kocha Brian Kelly kwa miaka kumi na dola milioni 95. Oktoba 25, 2025 A&M walikwenda Baton Rouge, mji wa LSU, wakawafunga LSU 49-25 nyumbani kwao, na kesho yake Kelly hana kazi, anadai kama dola milioni 54. Gavana wa Louisiana, Jeff Landry, akajitokeza kusema Woodward hatamchagua kocha ajaye, akamtupia na deni la A&M pia. Haikupita hata siku mbili Woodward akaondoka. Lakini nimeshaonyesha hesabu hapo juu: ile ya Fisher iliyotisha ni nyongeza ya 2021, na wakati huo Woodward alikuwa ameshaondoka hapa. Aliyekuwa ofisini ni Bjork, ambaye mwezi wa kwanza 2024 alitangazwa kuwa mkurugenzi wa michezo wa Ohio State, moja ya kazi kubwa kuliko zote katika fani yake. Tofauti nyingine, mkataba wa Kelly unamtaka atafute kazi, na atakacholipwa huko kinapunguza deni. Kidogo LSU walijifunza kusoma.

Sasa, je, A&M walifaidika? Walimrudisha Mike Elko, aliyewahi kuwa kocha wa ulinzi chini ya Fisher kabla ya kwenda chuo cha Duke. Mwaka wa kwanza hakung'ara: ushindi 8, vipigo 5, na mechi dhidi ya Texas iliyorudi baada ya kukosekana tangu 2011 walipoteza 17-7 hapahapa Kyle Field. Msimu wa 2025 walishinda mechi 11 mfululizo, ikiwemo ya Notre Dame ugenini 41-40, kabla ya Texas kuwaharibia tena. Waliingia kwenye timu 12 kwa mara ya kwanza na wakatolewa na Miami 10-3 nyumbani. Kwa mtazamo wangu hayo ni maendeleo, ingawa mzee wangu wa pete bado hajaona kikombe.

Novemba 2025, ligi ikiendelea, LSU na Penn State wote wakiwa wanatafuta kocha na jina la Elko likitajwa tajwa, A&M walimpa mkataba mpya wa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Unakwisha 2031, mwaka uleule ambao Fisher atapokea malipo yake ya mwisho.